Mwanza na Arusha: nimekaa siku tano tano kila mji, nawaletea nilichokiona mimi mgeni

Wakuu habari za jioni. Uzi huu niliahidi nikiwa bado kwenye basi, kuna wadau walikuwa wananikumbusha kila siku, leo nimepata nafasi nimekaa chini. Utakuwa mrefu, mwenye haraka asome usiku akitulia.

Kwanza mjue naongea kama nani. Mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia Chumbageni, kwa sasa natafuta maisha Dar. Julai ya 2025 nilipata likizo na mdogo wangu wa kike alikuwa kamaliza chuo, tukasema badala ya kushuka nyumbani moja kwa moja tuzunguke kidogo, Dar mpaka Mwanza kwa basi, Mwanza mpaka Arusha, halafu Arusha Tanga. Hela yetu ilikuwa ya gesti na daladala, hatukuwa na bajeti ya safari ya Serengeti wala hoteli za ufukweni, kwa hiyo anayetaka kujua hoteli gani ina bwawa zuri la kuogelea hapa hatapata kitu. Mimi swali langu lilikuwa moja tu, huu mji unampa nini Mtanzania wa kawaida aliyekuja kuuona kwa hela yake mwenyewe.

Mwanza tuliingia usiku, stendi ya Nyegezi, tumechoka hatujui hata tuko upande gani wa mji. Tulikuwa na mwenyeji, shangazi yake rafiki yangu, anakaa Igogo kule juu mlimani. Bajaji ikatufikisha mahali ikasimama, dereva akasema kuanzia hapa ni miguu bhabha. Tukapanda na mabegi, ngazi za mawe, nyingine siyo hata ngazi ni sehemu tu ambapo jiwe limelika kwa kukanyagwa. Mdogo wangu alikuwa anahema nyuma yangu na kuna mama akatupita na ndoo ya maji kichwani, hajaishika, anaongea na simu.

Asubuhi ndo nikaelewa niko wapi. Wakuu mimi picha za Mwanza nimeona nyingi lakini picha haikwambii kwamba zile nyumba hazijajengwa kando ya mawe, zimejengwa JUU yake na mengine yamo ndani ya nyumba. Jiko la shangazi ukuta wa nyuma ni jiwe lenyewe, kubwa kuliko basi, ukuta wa tofali umekuja ukakutana nalo wakaziba na saruji basi. Juu ya jiwe anaanika michembe yake (vipande vya viazi vitamu vya kukausha). Jioni ukiegemea unakuta bado lina joto la jua la mchana, shangazi anasema watoto wake walipokuwa wadogo walikuwa wanagombania kukaa pale wakati wa kula. Na chini yetu ziwa lote liko wazi, boti zinaingia, unasikia honi ya treni ikifika stesheni (reli ilifika Mwanza tangu 1928, mji umekulia pale). Mtu analala kwenye chumba cha bei ya chini kabisa mjini na anaamka anaona kitu ambacho wenye hela wanalipia.

Ila nisiwadanganye, hicho kitu kina gharama yake na wanaolipa ni wenyeji. Tofali, mchanga, saruji, maji, kila kitu kinapandishwa kichwani. Niliona vijana wanapandisha mchanga kwenye viroba, mmoja nikamuuliza analipwaje, akaniambia kwa kiroba, na bei inategemea nyumba iko juu kiasi gani. Mgonjwa akizidiwa usiku anashushwa kwa kubebwa. Nilikuwa nimeanza kusema kwa sauti kwamba hapa pazuri sana, nilipoona mzee mgonjwa anashushwa kwa shida, amebebwa kwenye kiti, nikanyamaza kwanza.

Sasa mji wenyewe. Mwanza umebanwa, huku milima huku maji, ndo maana barabara kubwa za kutokea mjini ni tatu tu, Kenyatta ya kwenda Shinyanga, Nyerere ya kwenda Musoma na Makongoro ya kwenda uwanja wa ndege. Ikitokea shida kwenye mojawapo hakuna kichochoro cha kukwepea kama Dar, unakaa. Lakini kwa mgeni kubanwa huko kuna faida, huwezi kupotea, ukishindwa kabisa unashuka tu kuelekea ziwani, utafika.

Tulikwenda Mwaloni Kirumba asubuhi mapema. Aisee. Mimi nimekulia na samaki, Tanga najua soko la samaki linavyonukia, lakini ule wingi sijawahi kuuona. Dagaa wanamwagwa kwenye magunia kama mahindi, sato bado wanatingisha mkia, sangara mmoja anabebwa na watu wawili. Wale korongo wakubwa wenye upara wamesimama katikati ya watu hawamuogopi mtu, wanasubiri matumbo ya samaki. Nikamsogelea mama mmoja anachambua dagaa nikamwamkia shikamoo mayu (mama kwa Kisukuma), akafurahi, akauliza mnatoka wapi, nikasema Tanga. Akaacha kazi akamwita mwenzake, njoo uone watu wa Tanga. Akatufundisha, asubuhi unasema mwangaluka, ukiulizwa mhola unajibu mhola. Nilikaa pale karibu saa nzima ananieleza dagaa wa mwezi giza na wa mbalamwezi, maana wanavuliwa usiku kwa taa na mwezi ukiwa mkubwa taa haiwavuti, kwa hiyo bei inapanda na kushuka kwa kufuata mwezi. Sikununua kitu na hakunionyesha sura mbaya hata mara moja. Niliporudi kesho yake kununua dagaa wa kupeleka nyumbani alinifungia vizuri akaongeza na kopo la juu.

Saanane pia tulikwenda, kisiwa kiko pale pale mjini, unapanda boti upande wa Capri Point dakika chache umefika. Ilianza 1964 kama bustani ya wanyama, mwaka 2013 ikawa hifadhi ya taifa, na Mtanzania analipa kwa shilingi, haumizwi. Kuna swala, pundamilia, pimbi kwenye mawe. Kilichotuweka sana ni mijusi, dume ana kichwa na mabega mekundu yanayoelekea pinki halafu mwili wa bluu, na kwenye jina lake la kisayansi wameweka kabisa neno Mwanza. Mdogo wangu alikaa chini kwenye jiwe akamsubiri mmoja asogee, wakatazamana muda mrefu tu.

Halafu sasa ndo nije kwenye kitu kilichoniuma, na ndo hasa kimenifanya niandike.

Siku ya tatu jioni tulitaka tu kukaa karibu na maji tuangalie jua likizama. Hakuna kingine. Tukatembea kufuata ufukwe wakuu, ukuta, geti, ukuta, uzio wa waya, bandari, geti. Mahali pamoja tuliona nyasi nzuri na mti mkubwa, tukaingia, mlinzi akaja akatuuliza kwa upole tu, mnakunywa au mnakula? Tukasema tunapumzika kidogo. Akasema hapa hairuhusiwi kupumzika bila kuagiza. Si kosa lake, kaambiwa. Tukaagiza soda mbili kwa bei ambayo Igogo tungenunua mlo wa watu watatu. Tulikaa tukaangalia jua, lilikuwa zuri sana, lakini kichwani nilikuwa namuwaza yule kijana wa viroba vya mchanga, kazaliwa hapa, analiona hili ziwa kila siku kutoka juu, na kukaa pembeni yake na mchumba wake jioni moja ni sehemu ya mshahara wa siku.

Pale kwenye Jiwe la Bismarck karibu na kivuko cha Kamanga kuna nafasi ndogo ya watu, na jioni imejaa hadi unaona kabisa hamu waliyonayo. Watoto, wapiga picha, wauza karanga, wazee wamekaa kwenye kingo. Ile sehemu ndogo ndo sebule ya jiji zima.

NAENDELEA, nilikuwa nimekwenda kula.

Kutoka Mwanza kwenda Arusha tulipita Shinyanga, Nzega, Singida, Katesh, Babati. Safari ni ya kutwa nzima, panda gari la alfajiri. Pale Katesh Mlima Hanang uko pembeni yako kabisa na basi zima lilinyamaza, watu walikuwa wanaangalia kule yaliposhuka matope yaliyoua watu Desemba 2023. Abiria mmoja alitoa kofia.

Arusha sasa. Ukishuka kwenye gari jambo la kwanza ni baridi. Julai Arusha siyo ya mzaha, sisi watu wa pwani tulikuwa na sweta moja moja za kuigiza, kesho yake ilibidi twende mtumbani tukanunue makoti. Jambo la pili ni vijana wa stendi, walitushika mabegi kabla miguu haijagusa chini, huyu anavuta huku huyu huku, mdogo wangu akaanza kulia. Mzee mmoja muuza magazeti ndo akawafokea wakaachia. Sitaki kuuhukumu mji kwa stendi maana stendi zote zinafanana, ila mgeni anayeingia usiku apange mtu wa kumpokea.

Mji wenyewe umekaa vizuri kuliko Mwanza, hilo niseme wazi. Miti ni mingi, hewa nyepesi, barabara ya njia nne kutoka Sakina mpaka Tengeru inatembea, vifodi (daladala ndogo za kule) vipo kila dakika na makonda wake wana Kiswahili chao ambacho nusu sikukielewa. Chakula ndo usiseme. Mtori wa asubuhi kwenye ile baridi, unafuka moshi, na chapati, nilikuwa naagiza bakuli mbili. Mwanza nilikula sato mtamu mno na matobolwa ya shangazi, lakini kwa mama ntilie wa kawaida wa mtaani Arusha inashinda, mboga ni fresh, maparachichi unapewa kama nyongeza, ndizi za kila aina. Ukipita soko la Kilombero utaelewa, zile ndizi na mboga zinashuka mlimani asubuhi hiyo hiyo.

Na mji una historia ambayo unaweza kuigusa kwa miguu asubuhi moja. Boma la Wajerumani la 1900 sasa ni makumbusho, ukitoka hapo unatembea mpaka makumbusho ya Azimio la Arusha, lile la Februari 1967. Mimi Azimio nililisoma shule kama tarehe ya kukariri, pale nilisimama nikaangalia picha za watu waliotembea kwa miguu mikoa na mikoa kuliunga mkono na nikajikuta nimekaa muda. Kituo cha mikutano cha AICC kipo hapo hapo, ndipo mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa mpaka 2015, na makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yapo mji huo huo. Kwa mji mmoja hayo ni mengi.

Lakini sasa. Tulikuwa tunatembea pale Mnara wa Saa, vijana wa utalii wakatujia mbio wakidhani sijui nini, tulipoitikia kwa Kiswahili wakageuka katikati ya sentensi. Tukaingia ofisi moja tukauliza bei ya kwenda Hifadhi ya Arusha siku moja, dada akatutajia kwa dola. Nikamwambia dada sisi ni Watanzania, kiingilio chetu ni shilingi. Akasema najua kaka, lakini gari ni dola. Alisema bila dharau, alikuwa anasema ukweli wa kazi yake. Na hilo ndo nililolihisi siku zote tano, kwamba mji huu kazi yake kubwa ni kumpokea mtu wa mbali na kumpitisha kwenda Ngorongoro na Serengeti, kila Land Cruiser inatoka asubuhi inakwenda kwingine, na mimi niliyekuja kuiona Arusha yenyewe hakuna aliyekuwa amenitarajia.

Tulipata njia baadaye. Kijana wa gesti alituunganisha na familia moja ya Dodoma, tukachanga tukakodi Noah, ikatupeleka. Nawaambia nendeni. Twiga tuliwaona mara tu baada ya geti kwenye ule uwazi wanaouita Serengeti Ndogo, mbega weupe kwa weusi juu ya miti, heroe (flamingo) pinki kwenye maziwa ya Momella, na Ngurdoto unasimama ukingoni unaangalia chini kwenye bonde lenye nyati wadogo kama siafu. Kwa watu sita gharama ilikuwa ya kawaida kabisa. Inasikitisha kwamba hakuna bango hata moja mjini la kumwambia Mtanzania kwamba hili linawezekana.

Na siku ya mwisho ndo Arusha ikanipa kile nilichokuwa nakitafuta. Siku nne zote sikuwa nimeuona Mlima Meru. Mawingu tu. Mita 4,566, mlima wa pili kwa urefu nchini baada ya Kilimanjaro, umesimama juu ya mji na hauonekani! Asubuhi ya tano nilitoka gesti kama saa kumi na mbili na nusu kutafuta maji ya moto, huku Sanawari, mama mmoja anafagia mbele ya duka akaniambia bila kunisalimia kwanza, "Leo umetoka." Nikageuka. Wote ulikuwa pale, mpaka kileleni, jua linaanza kuushika upande wa kulia na mabonde yote yanaonekana kama mikunjo ya shuka. Watu walikuwa wanasimama. Muuza mkaa alisimama na toroli lake, wanafunzi, konda ananing'inia mlangoni anaangalia juu. Nikakimbia kumwamsha mdogo wangu, akatoka na blanketi. Tulisimama barabarani kama nusu saa, hakuna aliyekuja kutuuliza tunakunywa nini. Halafu wingu likaja taratibu kutoka kushoto likaufunika.

Ndo tofauti yangu hiyo wakuu. Mwanza imepewa kikubwa zaidi na watu wake ni wakarimu kuliko wa popote nilipokwenda, ila ziwa linazidi kuzungushiwa ukuta. Arusha ina starehe zaidi kwa mwili, ila macho yake yanamtafuta mtu wa mbali, na kitu chake kizuri kuliko vyote ni kile ambacho hakuna aliyeweza kukiwekea geti.

MAJIBU YA MASWALI, nimeyaona ni mengi.

Mkuu uliyeuliza kwa wiki moja ya likizo na watoto achague wapi, nenda Mwanza. Watoto watapanda boti, wataona samaki, wataparamia mawe, na huhitaji gari. Sasa hivi pia kuna daraja la Kigongo-Busisi, lilifunguliwa Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji, zamani mlikuwa mnasubiri kivuko. Sisi tulikwenda na kurudi kwa hiace kwa ajili ya kulivuka tu na abiria wenzetu, watu wa Sengerema, walikuwa bado wanalishangilia kila likifika katikati. Na msiache Bujora pale Kisesa, makumbusho ya Wasukuma, ngoma zimepangwa mle hujawahi kuona.

Dada uliyesema nimeionea Arusha, wewe ni mwenyeji na nakuheshimu. Sijasema watu wake wabaya. Yule mzee wa magazeti na yule mama wa Sanawari ni watu wa Arusha. Nimesema mji haujajipanga kumpokea Mtanzania kama mgeni, na kama kuna ofisi zinazouza safari za siku moja kwa shilingi weka hapa majina watu wazijue, mimi nitafurahi kuliko wote.

Uliyeuliza kuhusu usalama usiku, Mwanza tulitembea mjini mpaka saa tatu bila shida, milimani tulikuwa na mwenyeji. Arusha baada ya saa mbili tulitumia bajaji, wenyeji wenyewe ndo walitushauri hivyo.

Na ndugu wa Mwanza aliyeandika kwamba ufukwe umeachwa wazi kule Igombe, asante, hilo sikulifikia. Lakini kaka Igombe ni nauli na muda, siyo mahali pa kukimbilia jioni ukitoka kazini na dakika arobaini mkononi. Pale mjini kama kuna kipande cha ufukwe ambacho bado hakijapewa mtu, andikeni kwa madiwani wenu sasa hivi kabla hakijapata ukuta, hata kama ni upana wa nyumba mbili. Pawekwe mabenchi na mti basi. Shangazi wa Igogo ana miaka 61, amezaliwa na kukulia kando ya lile ziwa, nilimuuliza mara ya mwisho kukaa pembeni ya maji ilikuwa lini, akafikiria kwanza, akasema ni siku walipompeleka mdogo wake kupanda meli ya Bukoba. Nikamuuliza mwaka gani. Akasema huyo mdogo wake sasa ana wajukuu.